Tapeli Aliyeshika Ramani

Katika hadithi za Abunuwasi msikilizaji hukaa upande wa mjanja. Tunajua mapema kwamba tajiri atapigwa chenga, na utamu wote umo katika kungoja kuona mtego utakavyofyatuka. Iago wa Shakespeare naye, mnafiki aliyemwangamiza Othello, huwageukia watazamaji na kuwamwagia siri zake. Anayedanganywa yuko jukwaani, si yule aliyekata tiketi. Michezo ya video, ambayo mitaani tunaiita gemu, imeuchukua uongo huo na kumwelekezea mtu mwingine kabisa, naye ni yule aliyeshika padi. Anayetapeliwa ni mchezaji, na anatapeliwa kwa mikono yake mwenyewe, kwani kila kitufe kilichobonyezwa alikibonyeza yeye. Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba mhusika laghai wa gemu, akiundwa vizuri, hashindi kwa maneno matamu. Anashinda kwa sababu amekalia kiti cha mwongozaji, kiti ambacho kila mchezaji amezoea kukitii bila kuuliza. Na kwa kuwa kiti hicho kina nguvu kubwa, gemu inayompa laghai akikalie inabeba deni kwa mchezaji: kumwachia ushahidi, na kumpa nafasi ya kuchukua hatua akishautambua uongo. Ili niieleze hoja hii nitalazimika kufichua siri za gemu kadhaa maarufu, na asiyetaka kuzijua ana haki ya kuishia hapa.

Tuanze na BioShock, iliyotoka Agosti 2007 chini ya uongozi wa Mmarekani Ken Levine. Mwaka wa kisa ni 1960. Ndege imeanguka katika Bahari ya Atlantiki na wewe, kijana aitwaye Jack, unaogelea katikati ya mafuta yanayowaka mpaka kwenye mnara wa taa. Ndani ya mnara mna chombo kinachokushusha hadi Rapture, mji uliojengwa chini ya bahari na tajiri Andrew Ryan kwa ajili ya watu wasiotaka serikali wala dini iwaingilie. Mji umeshaoza, maji yanavuja kila pembe, na wakazi wamepagawa kwa dawa za kubadili vinasaba. Humjui mtu. Karibu kitu cha kwanza unachokipata ni redio ya upepo, na ndani yake kuna sauti ya mwanamume mwenye lafudhi ya Kiayalandi anayejiita Atlas. Anakuelekeza mlango wa kupita, silaha ya kuokota, adui wa kumkwepa. Ana mke na mtoto waliokwama ndani ya nyambizi, anakuomba umsaidie kuwafikia, na kila ombi zito analitanguliza kwa kauli ile ile ya adabu. Unapokaribia, nyambizi inalipuka mbele ya macho yako. Atlas anamtaja Ryan kuwa muuaji, na kuanzia hapo unamwinda Ryan kwa hasira usiyojua kwamba ni ya kuazimwa.

Ukifika ofisini kwa Ryan, mambo yote yanapinduka. Atlas hana mke wala mtoto. Jina lake ni Frank Fontaine, mfanya magendo ambaye mji mzima ulidhani ameshakufa, na kauli ile ya adabu ni amri iliyopandikizwa akilini mwa Jack tangu utotoni. Akiisikia, hawezi kukataa. Hata ndege ile haikuanguka kwa bahati mbaya. Jack mwenyewe ndiye aliyeiangusha, baada ya kusoma barua yenye maneno hayo hayo. Kisha Ryan, akitaka kufa kwa uamuzi wake mwenyewe, anamkabidhi Jack fimbo ya gofu na kumwamuru ampige. Hapo ndipo gemu inapofanya jambo lake kubwa. Padi inakufa mkononi. Unabonyeza usogee, husogei. Unabonyeza uache, huachi. Kwa sekunde hizo mchezaji anatazama mikono yake ikiua mtu, na anakumbuka kwamba hata saa zote zilizopita, alipodhani anaamua, alikuwa akienda alikoambiwa.

Pigo hili linauma kwa sababu ya mkataba usioandikwa uliopo kati ya gemu na mchezaji. Mshale ukionyesha kushoto, unakwenda kushoto. Sauti ikisema tafuta ufunguo, unatafuta ufunguo. Hakuna anayeuliza kwa nini, maana kuuliza kwa nini ni sawa na kukataa kucheza. Mwandishi wa riwaya akitaka msomaji amwamini mhusika, itambidi amjenge taratibu, kwa vitendo na kwa tabia. Mtunzi wa gemu anakuta imani hiyo imeshajengwa na gemu zote zilizotangulia. Kinachobaki ni kumweka laghai mahali pale ambapo huwa panakaa maelekezo. Levine na wenzake hawakumpa Atlas haiba ya ajabu. Walimpa redio, na redio ikafanya kazi yote iliyobaki.

Miaka tisa kabla yake, Mjapani Hideo Kojima na kampuni ya Konami walikuwa wameshapita njia hii katika Metal Gear Solid ya mwaka 1998. Askari aitwaye Snake anaingizwa peke yake katika kisiwa huko Alaska ambako magaidi wameteka silaha ya nyuklia inayotembea. Anashauriwa kwa redio na watu kadhaa, mmojawapo akiwa mwalimu wake wa zamani, Master Miller. Ili kuizima silaha hiyo Snake ana kadi moja inayobadilika umbo kulingana na joto, na inatakiwa iingizwe mara tatu: ikiwa ya kawaida, ikiwa ya baridi, na ikiwa ya moto. Mchezaji anarudi nyuma hadi kwenye ghala lenye barafu, anasubiri kadi ipoe, anaikimbiza mpaka kwenye mashine. Kisha anarudi tena hadi kwenye tanuri la kuyeyushia chuma, anasubiri ipate moto, anaikimbiza tena. Ni kazi ya kuchosha, na imefanywa ichoshe kwa makusudi. Akishaingiza mara ya tatu, silaha inawashwa. Kadi ilikuwa ya kuwashia, na magaidi walihitaji mtu wa kuwafanyia kibarua hicho. Mwili wa Miller wa kweli unakutwa nyumbani kwake, akiwa ameshakufa siku tatu. Aliyekuwa akiongea redioni ni Liquid, kiongozi wa magaidi.

Lililo muhimu zaidi kwangu katika kisa hiki ni kwamba ushauri wa Miller wa bandia ulikuwa unafaa. Ukimpigia redio alikupa mbinu zinazosaidia, ukazitumia, ukapona. Katika maisha, tapeli mwenye haraka hugundulika kwa sababu anachokuambia hakifanyi kazi. Laghai wa gemu hana haja ya kukudanganya juu ya njia. Kwanza hawezi, maana ukifa wewe na mpango wake umekufa. Kwa hiyo anakwambia kweli kuhusu kila mlango, kila adui na kila silaha, na anaficha kitu kimoja tu, nacho ni sababu ya safari. Mchezaji aliyezoea kupima ushauri kwa matokeo anapata matokeo mazuri kila mara, na kila mara anazidi kumwamini mtu asiyepaswa kuaminiwa. Sijui aina nyingine ya usimulizi inayoweza kutumia ukweli kwa wingi namna hii ili kujengea uongo mmoja.

Mtu anaweza kusema hapa kwamba haya yote ni mageuko ya kisa kama tunavyoyajua katika riwaya na filamu. Agatha Christie aliwaduwaza wasomaji mwaka 1926 kwa The Murder of Roger Ackroyd, ambamo anayesimulia ndiye muuaji; je, gemu imeongeza nini? Naikubali nusu ya kwanza ya hoja hiyo. Msomaji wa Christie naye alimwamini msimulizi kwa sababu ya kiti alichokalia, na alipigwa changa la macho vilivyo. Lakini msomaji huyo hakufanya kitu. Kufunua kurasa hakukumuua mtu, na akimaliza kitabu anaweza kusema hakujua, akalala usingizi wake. Mchezaji wa BioShock au Metal Gear Solid hawezi kujitoa kirahisi hivyo, kwani bila yeye jambo lisingetokea. Kadi isingepata moto kama asingeibeba. Hiyo ndiyo hisia ambayo kitabu na filamu huipata kwa shida sana, hisia ya kuwa umetumiwa, na hatuhitaji kuitia chumvi ili tuone kwamba ni mpya.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na nimeona wapenzi wengi wa gemu wakilikwepa. Linasema hivi: mchezaji anawezaje kulaumiwa kwa kutii, ilhali gemu haikumpa njia nyingine? BioShock haina mlango wa kumkatalia Atlas. Ukigoma, unakaa chumbani mpaka uchoke, kisha unazima mashine. Kumfunga mtu kamba halafu kumcheka kwamba hatembei si uungwana. Kwa BioShock pingamizi hili lina ukweli, tena lina ukweli zaidi baada ya kifo cha Ryan kuliko kabla yake. Tukishaambiwa kwamba tulikuwa vikaragosi, mwanasayansi aitwaye Tenenbaum anaichukua nafasi ya Atlas redioni, mshale unaendelea kuonyesha njia ile ile ya zamani, nasi tunaendelea kutii hadi mwisho. Gemu ilituonyesha minyororo yetu, kisha ikakosa la kufanya nayo. Nusu ile ya mwisho ni dhaifu, na udhaifu wenyewe hautokani na uchovu wa waandishi. Unatokana na kumfichua laghai bila kumpa mchezaji chochote kipya cha kufanya kutokana na ufichuzi huo.

Jibu lilitoka Oktoba mwaka huo huo wa 2007, katika gemu fupi ya kampuni ya Valve iitwayo Portal. Humo wewe ni mwanamke aitwaye Chell, unaamka ndani ya maabara, na unayemsikia ni mashine iitwayo GLaDOS, kwa sauti ya mwigizaji Ellen McLain. Una bunduki isiyoua. Inatoboa matundu mawili ukutani, ukiingia hapa unatokea pale. GLaDOS anakupitisha chumba baada ya chumba cha majaribio na kukuahidi keki ukimaliza. Tofauti na Atlas, huyu anadanganya hadharani. Anakwambia chumba fulani hakiwezekani kabisa, usijaribu hata kidogo, na ukikishinda anakupongeza. Katika chumba kingine anakuomba radhi kwamba jaribio lako limebadilishwa na la risasi za moto lililotengenezwa kwa ajili ya roboti za kijeshi. Na ukichungulia nyuma ya ubao uliobanduka ukutani utakuta pango aliloishi mtu mwingine kabla yako, makopo yametapakaa, na kuta zimejaa maandishi ya mkono yanayokuonya kwamba keki ni uongo. Ushahidi upo, na unauokota kadiri macho yako yanavyoruhusu.

Kisha unafika chumba cha 19, unapanda jukwaa linaloteleza lenyewe, linakata kona, na mbele yako ni moto. Sauti inakushukuru kwa ushiriki wako. Hapa Portal haikunyang'anyi padi. Hakuna mshale, hakuna anayekuelekeza, jukwaa linazidi kusogea, na bunduki bado iko mkononi. Anayekumbuka alichojifunza anatafuta ukuta unaofaa, anafyatua, anajirusha, na anajikuta upande wa nyuma wa maabara, mahali ambapo hakukusudiwa afike. Kuanzia sekunde hiyo gemu inabadilika na kuwa ya mtu anayetoroka, akitumia ujuzi ule ule aliofundishwa na adui yake. Kuna jambo jingine lililopangwa kwa ustadi mkubwa. Katika chumba cha 17 GLaDOS anakukabidhi sanduku lenye picha ya moyo, unalibeba njia nzima kama mwenzako, na mwishoni anakulazimisha ulitupe katika tanuri. Wengi hukumbuka uchungu wa kitendo hicho. Wachache hutambua kwamba lile lilikuwa somo la kutumia tanuri, na kwamba katika pambano la mwisho GLaDOS anaangamizwa kwa kutupiwa vipande vyake mwenyewe humo humo. Laghai alimfundisha mwanafunzi silaha ya kummalizia. Kwa hilo peke yake naiweka Portal juu ya BioShock, ingawa BioShock ina mandhari nzuri zaidi na hotuba nzito zaidi.

Toby Fox, katika Undertale ya mwaka 2015, alisogeza jambo hili hadi dakika ya kwanza. Mtoto ameanguka shimoni, katika nchi ya majini. Anayempokea ni ua la manjano lenye uso wa tabasamu, Flowey, anayejitolea kumfundisha mgeni sheria za mahali pale. Linarusha vipunje vyeupe na kusema ni vya urafiki, vikusanye vingi uwezavyo. Ukivisogelea, uhai wako unashuka hadi pointi moja na ua linakenua meno. Lakini ukivikwepa, haliendelei na kisa kana kwamba hukufanya kitu. Linakwambia umevikosa, linarusha tena, na ukizidi kukwepa linakasirika na kuacha kujifanya. Maana yake ni kwamba mtunzi alimfikiria mapema mchezaji mwenye shaka, akamwandikia majibu yake. Mara baada ya hapo anatokea Toriel, mama mwenye huruma, naye anakufundisha sheria kwa kweli, hata anakushika mkono kukuvusha kwenye miiba. Sasa mchezaji ana walimu wawili, mmoja mwongo na mmoja mkweli, wote wakitumia vifaa vile vile vya kufundishia. Gemu yote inayofuata inamtaka apambanue.

Kuhusu ushahidi nilioutaja mwanzoni, hakuna mfano ninaouthamini kuliko wa mfululizo wa Ace Attorney wa kampuni ya Capcom. Katika gemu yake ya pili, iliyotoka Japani mwaka 2002, wakili Phoenix Wright ana kito cha ajabu: mtu akificha siri, wakili anaona makufuli yakimfunga moyoni. Mchezaji anazoea kukiamini kito hicho kama anavyoamini macho yake. Katika kesi ya mwisho anapewa mteja aitwaye Matt Engarde, mwigizaji anayetuhumiwa kwa mauaji. Anamuuliza kama amemuua marehemu, anajibu hapana, hakuna kufuli hata moja. Wakili anaichukua kesi. Baadaye ndipo inapobainika kwamba Engarde alimkodi muuaji. Hakusema uongo, na kito hakikukosea. Aliulizwa swali jembamba akajibu swali jembamba. Mchezaji anaporudi nyuma kukagua hawezi kumlaumu mtunzi kwa lolote, maana sheria za gemu hazikuvunjwa mahali popote. Kilichopungua ni uangalifu wa muulizaji. Persona 5 ya mwaka 2016 nayo iliacha ushahidi mdogo kama punje: mpelelezi kijana Goro Akechi anadokeza kuhusu keki za kukaanga zilizotajwa na paka wa wahusika wakuu, paka ambaye maneno yake husikika tu kwa watu waliokwisha kuingia katika ulimwengu wa siri. Wengi wanalipita neno hilo. Miezi kadhaa ya kisa baadaye, ndilo linalomweka wazi msaliti.

Kuna watakaoona kwamba nimeweka masharti makubwa mno, na kwamba gemu yenyewe ni uongo tangu mwanzo hadi mwisho. Wana msingi. Mwaka 2017 watengenezaji kadhaa walijitokeza kueleza hila wanazozificha ndani ya mitambo, na baadhi ya waliounda BioShock walikuwamo: risasi ya kwanza ya adui hupangwa ikukose ili usife bila kujua umepigwa kutoka wapi, na pigo ambalo lingekumaliza hukuachia kwanza sekunde chache za kujiokoa. Mchezaji anaamini kaponea chupuchupu, kumbe kaponyeshwa. Mimi siuhesabu huo kuwa udanganyifu wa namna moja na wa Atlas. Hila hizo zinafanya kazi kwa faida ya mchezaji na kwa ajili ya mchezo aliokubali kuucheza. Hazimpotoshi kuhusu nini kinatendeka wala kwa nini. Swali la kuuliza kila mara ni nani anafaidika.

Na swali hilo linatufikisha kwenye ulaghai ambao haumo kabisa katika kisa. Desemba 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, imekubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji waliotozwa kwa manunuzi wasiyoyataka, kutokana na mpangilio wa vitufe uliowafanya walipe kwa kubonyeza mara moja tu bila kukusudia. Miaka minne kabla, mwaka 2018, Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya baadhi ya gemu ni kamari kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo. Nayataja haya kwa sababu wazazi wengi huogopa mhusika mwongo kuliko kitufe kinachodanganya, na nadhani wameligeuza jambo juu chini. Atlas anakudanganya saa kadhaa, kisha anakuonyesha alivyokudanganya, na unaondoka ukiwa na macho makali kidogo kuliko ulivyoingia. Kitufe cha ulaghai hakina siku ya kukiri. Kimejengwa ili usijue kamwe, na hasara inaingia katika pochi halisi.

Hofu ya wazazi haifai kupuuzwa hata hivyo, hasa kwa gemu ambamo uongo hauandikwi na mtunzi bali unasemwa na wachezaji wenyewe. Among Us, iliyotolewa na studio ndogo ya Innersloth mwaka 2018 na kupata umaarufu duniani mwaka 2020, hupatikana bure kwenye simu, na humo mmoja au zaidi kati ya mabaharia wa anga ni muuaji anayejifanya mwenzenu. Asili yake iko katika mchezo wa Mafia uliobuniwa Moscow mwaka 1986 na Dimitry Davidoff, uliochezwa bila kompyuta yoyote. Je, mtoto anajifunza kudanganya? Anajifunza, kwa kiasi kile kile ambacho mcheza karata hujifunza kuficha uso wake, ndani ya duara ambalo kila aliyekaa anajua kwamba mmoja wao anaficha. Lakini kwa kila muuaji mmoja kuna wengine kadhaa wanaofanya kazi ya kuuliza ulikuwa wapi, nani alikuona, mbona jana ulisema hivi. Wengi zaidi wanafanya mazoezi ya kugundua kuliko ya kudanganya.

Limebaki pingamizi la mwisho, kwamba hila ya namna hii hufanya kazi mara moja tu: ukishaijua, imekwisha. Ingekuwa hivyo, kampuni ya Kijapani ya FromSoftware isingekuwa inamrudisha Patches. Huyu ni kipara mchafu wa roho aliyeanza katika Demon's Souls mwaka 2009. Katika Dark Souls ya mwaka 2011 anakuelekeza hazina iliyo chini ya shimo; ukiinama kuchungulia anakupiga teke, kisha mkikutana tena anaomba msamaha na kukuuzia bidhaa. Alirudi katika Bloodborne mwaka 2015, katika Dark Souls III mwaka uliofuata akiwa amevaa deraya ya rafiki yako, na katika Elden Ring mwaka 2022. Kila anayezifuata gemu hizo anamjua, na kila mara anakwenda kumsikiliza. Gemu hizo zimeweka uongo katika vitu pia: masanduku ya hazina ambayo mengine ni majini yanayosubiri kukutafuna, na njia ya kuyatambua katika Dark Souls ni mnyororo wa ubavuni, ambao kwa sanduku la kweli umepinda nyuma na kwa jini umenyooka mbele. Mchezaji aliyekwisha kuliwa mara moja hutazama kila mnyororo maisha yake yote. Vivyo hivyo anayerudia BioShock akiijua siri anasikia ile kauli ya adabu kila inapotamkwa, na anashangaa namna ilivyokuwa wazi. Uongo usio na ushahidi ndio unaokufa mara moja, kwa sababu ukirudi hukuti cha kutazama.

Kwa anayetaka kuyaona haya mwenyewe, aanze na Portal. Haihitaji kompyuta yenye nguvu, na humalizika kwa saa tatu au nne. Afuate na Undertale, ambayo hata kompyuta ya zamani huiendesha. BioShock na Metal Gear Solid zina damu na maneno ya watu wazima, zisubiri mpaka mtoto akue. Na tafadhali, usianze kwa kutazama video za watu wakizicheza. Ukimtazama mwingine akidanganywa umerudi kwenye kiti cha mtazamaji wa Othello, na gemu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya aliyeshika padi.